Kidole cha Mwamini na Dawa Niliyotia Bwawani

Mpendwa Anti Marsela,

Naomba msaada wako, na kabla hujaniona mtu mbaya naomba unisome mpaka mwisho, maana barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana mara mbili, na hii ya tatu nimeipiga picha haraka nikakutumia kabla moyo haujabadilika tena. Majina yote nimeyabadilisha, la mume wangu nimeandika Clemensi na la rafiki yangu nimeandika Mwamini, lakini mambo yenyewe sijabadilisha hata moja.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, naishi Qurus, kijiji cha huku Karatu, ni mkulima wa mahindi na maharage kama wenzangu, ila miaka mitano iliyopita walikuja watu wa mafunzo wakatufundisha kuchimba mabwawa ya samaki, na mimi nikachimba la kwangu chini ya chemchemi. Wazee wetu huku samaki hawakuwa wanamla, mama mkwe wangu alikataa hata kupita karibu na lile bwawa, alisema nafuga nyoka wenye mapezi, na leo hii huyo huyo akisikia nimevua anakuja na bakuli lake kuulizia vichwa. Juu ya bwawa nilijenga banda la kuku kama tulivyofundishwa, ili mavi yadondoke majini na maji yawe ya kijani, maana sato wanakula ule ukijani. Wakakua, Anti, wakanenepa kweli kweli, nikajiona na mimi mtu.

Siku ya kwanza nilipopeleka samaki Karatu mjini nilikuwa na ndoo moja, nimekaa nje ya soko tangu asubuhi, watu wanapita wanaangalia na kuendelea na safari zao, mpaka akaja mama mmoja amejifunga ushungi wa njano, Mrangi wa Kondoa, mume wake ana duka la vyombo, yeye mwenyewe anakaanga samaki jioni pembeni ya duka hilo. Ndiye Mwamini. Akatazama ndoo akatazama uso wangu, akasema, "Dada, hawa samaki wazuri, ila wewe umekaa kama uko msibani, nani atanunua?" Akachukua wote. Akanifundisha namna ya kuwachanja mbavuni ili wakauke vizuri kwenye mafuta. Tangu siku hiyo samaki wangu wote ni wake, na urafiki wetu ukapita biashara, nilipolazwa kufanyiwa upasuaji wa uzazi wa mwisho ndugu zangu walikuja kusalimia na kuondoka, aliyelala sakafuni chini ya kitanda changu siku nne ni Mwamini.

Sasa Anti nifike kwenye ubaya wangu. Mwaka jana karibu na Kwaresima, wakati watu wa huku wanaulizia samaki kuliko siku zote, sato wakaanza kuelea. Kila asubuhi nakuta sita, nane, wengine wana vidonda vyekundu ubavuni na mapezi yameoza. Nikachanganyikiwa. Mume wangu Clemensi hajasomea udaktari wa mifugo ila ndiye anayechoma sindano ng'ombe wa majirani hapa kitongojini, ana sanduku lake la chupa na sindano, akaniambia mama acha kulia, samaki ni mfugo kama mfugo mwingine, mfugo akiumwa anapewa dawa. Akatoa chupa ya dawa ya ng'ombe, akapima kwa kikombe cha chai, tukachanganya na pumba, tukawarushia. Baada ya siku nne vifo vikakoma! Yaani nilipiga magoti pale kando ya bwawa nikamshukuru Mungu.

Basi nikaona nimepata siri. Nikawa nawapa kila wiki, wawe wagonjwa wasiwe wagonjwa, nasema ni kinga, na kuku wa juu nao nawatilia unga wa dawa kwenye maji ya kunywa, na yote yanashuka humo humo. Baada ya miezi kadhaa ile dawa ikawa kama haifanyi kazi, tukabadilisha chupa. Nayo ikachoka. Ndipo nikaanza kununua vile vidonge vya rangi mbili dukani, vya watu, nakaa jikoni navifungua kimoja kimoja kama ninayemenya mbaazi, unga wake namwaga kwenye pumba. Na wale waliokuwa na vidonda, Anti, hapa ndipo naona aibu kuandika, sikuwatupa. Nilikuwa nawakwangua magamba mwenyewe nyumbani ili vidonda visionekane, naenda namwambia Mwamini nimekupunguzia kazi leo, naye ananishukuru.

Wiki saba zilizopita Mwamini alikuwa anatoa matumbo ya samaki wangu, mwiba wa mgongoni ukamchoma kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Nilikuwepo. Akafyonza damu, akacheka, akaendelea na kazi. Siku ya tatu kidole kimevimba. Akanunua vidonge, vile vile vya rangi mbili, havikusaidia. Akachomwa sindano siku saba, haikusaidia. Kidole kikawa cheusi pembeni, kinatoa usaha, anapika kwa mkono wa kushoto. Mwishowe tukaenda hospitali kubwa, mimi nimemshikia mkoba, wakachukua usaha wakaupeleka maabara, na Ijumaa iliyopita daktari akasema wadudu waliomo kwenye kile kidonda wamezishinda dawa nne, imebaki moja ambayo amemwanzishia sindano asubuhi na jioni, na Jumatatu ijayo wataangalia, kama haijashika watakata kidole ili kuokoa mkono.

Kisha daktari akauliza, "Mama, mara ya kwanza ulijichoma na nini?"

Anti, nikainamia mkoba wake niliokuwa nimeushika. Mwamini akanitazama, kidogo tu, akamgeukia daktari akasema, "Msumari wa banda." Daktari akaandika.

Tulipotoka nje nikamuuliza kwa nini umedanganya. Akasema, "Shoga, nikisema samaki, kesho bwana afya yuko bwawani kwako na watoto wako wanasomeshwa na lile bwawa. Kidole tu hiki, nina vingine tisa." Akacheka. Mimi nikashindwa hata kutabasamu.

Yeye anajua amechomwa na mwiba tu. Habari ya dawa hajui, habari ya vidonda nilivyovificha hajui. Clemensi anasema tunyamaze mpaka apone kwanza, kwa sababu naye anaogopa, hana cheti na dawa zile zimetoka kwake. Na kuna wanawake sita wa kikundi chetu wenye mabwawa, siri ya dawa nimewafundisha mimi, tena kwa kujivuna. Kila siku nampelekea Mwamini supu, anakunywa na kuniombea dua, narudi nyumbani nikilia njia nzima. Je, nimwambie? Nikimwambia nampoteza, na sina rafiki mwingine kama yeye. Au nimfuate daktari kwa siri? Au nifunge bwawa kimya kimya na kumwachia Mungu? Na wale wote waliokula samaki wangu, nimewalisha sumu? Naomba unisaidie, nimekwisha.

Ni mimi, mama wa Qurus.

ANTI MARSELA ANAJIBU

Mdogo wangu wa Qurus,

Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikasirika mpaka nikaweka simu chini. Mara ya pili nililia, kwa ajili ya Mwamini, na kwa ajili yako pia. Barua yako imenifikia Jumatano. Alhamisi nimekupigia, simu inaita haipokelewi. Nikakutumia haya haya kwa meseji, naona tiki mbili za bluu, maana yake umesoma, na umenyamaza. Basi nayaweka gazetini leo Jumamosi, kwa ajili yako na kwa ajili ya wale sita wako, na wengine wengi ninaojua wapo.

Kwanza nikupe pole, na pole hii si ya mdomoni. Hukuamka siku moja ukasema ngoja nimdhuru rafiki yangu. Uliona mifugo yako inakufa ukaogopa. Waliokuja kukufundisha kuchimba bwawa hawakurudi kukufundisha samaki akiugua ufanyeje, na dukani uliuziwa vidonge vya watu bila mtu kukuuliza mgonjwa yuko wapi. Na mimi niliyekaa wodini na sare nyeupe miaka ishirini na sita, niliwahi kumpa mwanangu vidonge vilivyobaki vya baba yake nikiona uvivu kwenda kliniki. Kwa hiyo sikai juu ya mti nikikurushia mawe.

Lakini nitakugombeza, na usinune. Clemensi wako akimchoma ng'ombe wa jirani sindano, anawaambia nini wenye ng'ombe? Anawaambia maziwa hayo msinywe wala msiuze mpaka siku zipite. Mtoto mdogo wa Qurus analijua hilo. Sasa ninyi wawili mnaolijua hilo kuliko wote, mmewapa samaki dawa ile ile ya ng'ombe na kuwapeleka sokoni! Kwa sababu gani? Kwa sababu samaki hakamuliwi? Mlisema samaki ni mfugo kama mfugo mwingine. Haya, mngemfanyia kama mfugo mwingine basi.

Nikueleze kilichotokea, kwa lugha ya zizini. Una ng'ombe mtukutu anayeruka ua. Ukiongeza ufito mmoja leo, ataruka. Wiki ijayo ufito mwingine, ataruka tena. Mwisho wa mwaka umemfundisha kuruka ua ambao ng'ombe wengine hawauwezi. Wadudu wa majini ndivyo ulivyowafundisha, dawa kidogo kidogo, kila wiki, bila kipimo. Wanyonge wakafa, wakabaki sugu, wakazaana. Dawa hazikuchoka, mdogo wangu. Wadudu ndio waliozizoea. Na dawa nyingi za ng'ombe, za kuku na za binadamu ni za ukoo mmoja, mdudu akimshinda ndugu mmoja anawajua na wengine.

Je, wadudu walio kwenye kidole cha Mwamini wametoka bwawani kwako? Sijui. Na wewe hujui. Usijihukumu kabla ya kupimwa, wala usijisafishe kabla ya kupimwa. Anayeweza kujua ni daktari, na daktari ameandika msumari. Unaelewa ninachosema? Sasa hivi yule mtu anatafuta wadudu wa msumari wenye kutu. Kuna wadudu wa majini na wa samaki ambao hata maabara wanatafutwa kwa njia nyingine, na daktari asipoambiwa hawatafuti. Kila siku unayonyamaza, anapigana huku amefungwa kitambaa machoni, na waliomfunga ni ninyi wawili, Mwamini kwa mapenzi na wewe kwa woga.

Unauliza kama umewalisha watu sumu. Tulia hapo. Samaki aliyekaangwa mpaka mfupani kama Mwamini anavyokaanga, moto umewaua wadudu. Hatari kubwa iko kwa anayemshika akiwa mbichi, hasa mwenye kidonda au aliyechomwa mwiba, na kwenye kibao na kisu kinachotoka kwa samaki mbichi na kukatia nyanya za kachumbari bila kuoshwa. Mabaki ya dawa nyamani ni jambo jingine, hayo moto hauyamalizi yote, na ndiyo maana wenye maziwa wanasubiri. Hivyo usiseme umeua mji. Ila usiuze tena hata mmoja.

Clemensi anataka mnyamaze mpaka Mwamini apone kwanza. Mwambie mume wako kwa upole, maana naye anaogopa, kwamba Mwamini hawezi kupona mkinyamaza. Chupa za Clemensi ndizo zenye majibu. Leo hii akusanye kila chupa aliyotumia, na wewe ukusanye vikaratasi vya vidonge, hata kama chupa ni tupu, hata kama karatasi imechanika. Tieni kwenye mfuko. Daktari hataki cheti cha Clemensi, anataka majina ya dawa.

Bwawa ulifunge, ila sikiliza vizuri, usifungulie maji yake mtoni kwa haraka ya kuficha. Huko chini kuna ng'ombe wanakunywa na kina mama wanafua. Acha maji yakae, mfuate mwenyewe afisa wa uvuvi au wa mifugo kabla hajakufuata, mweleze, mfanye mpango pamoja. Anayekwenda mwenyewe husikilizwa tofauti na anayefuatwa. Na bwawa halijafa. Samaki wakijaa kupita kiasi na maji yakawa machafu ya mavi ya kuku lazima waugue, dawa yake ya kwanza ni kuwapunguza, kuhamisha banda na kuingiza maji safi. Wale sita wako uwaite wote na uwaambie kwa kinywa kile kile ulichowafundishia. Utaona aibu. Aibu haikati kidole cha mtu.

Sasa Mwamini. Hapa ndipo ulipoandikia barua, hayo mengine yote ulikuwa unazunguka.

Nenda leo jioni. Usimpelekee supu. Usimpelekee kanga wala sukari. Mwombe mkae peke yenu. Na tafadhali, usianze kwa kulia, maana nimemsoma huyo mama, ukilia ataanza kukubembeleza, na mtu wa kubembelezwa safari hii ni yeye. Mwambie yote kwa mpangilio, dawa ya ng'ombe, unga wa kuku, vidonge vya rangi mbili, na vidonda ulivyovikwangua ukamwambia umempunguzia kazi. Hilo la mwisho usilimeze. Ndilo litakalomuuma kuliko mwiba, na ndilo analostahili kulisikia kutoka kwako, si kwa bwana afya.

Anaweza kukufukuza. Ana haki. Akikufukuza, toka, usibishane, lakini kesho alfajiri uwe mlangoni kwake na ule mfuko. Usiniambie Jumatatu. Jumatatu ni siku ya kukata. Yeye anakwenda kuchomwa sindano kila asubuhi, na kesho asubuhi unakwenda naye. Akikataa kutembea na wewe, tembea nyuma yake.

Unaogopa kumpoteza. Nakuelewa, rafiki wa kulala sakafuni siku nne chini ya kitanda chako hapatikani mara mbili. Lakini niambie, sasa hivi unaye? Unayempelekea supu ni mtu asiyekujua. Anamwombea dua mwanamke mwingine kabisa, yule wa ndoo moja nje ya soko. Ukimwambia, huenda utampoteza. Usipomwambia, umekwisha kumpoteza, ila yeye ndiye hajui bado.

Alikuambia ana vingine tisa. Alisema hivyo ili wewe ulale. Kile kimoja ndicho anachoinua kila anapoomba Mungu wake mara tano kwa siku, na ameamua kukitoa kimyakimya kwa ajili ya bwawa lako na watoto wako. Hajakuuliza chochote. Hajakutuma uandike gazetini.

Basi kesho, mbele ya daktari, akiulizwa tena ulijichoma na nini, usimwache ajibu yeye. Mwamini alisema msumari. Wewe sema samaki.